Maji Kwanza, Tunda Baadaye: Sharubati ya Kukata Kiu Siku za Joto

Mchana mmoja wa joto kali, nilipokuwa bado naamini kwamba sharubati nzuri ni ile nzito, nilisaga maembe manne yaliyoiva vizuri, nikaongeza vijiko vikubwa vitatu vya sukari na maji kidogo tu ya kuiwezesha blenda kuzunguka, kisha nikaliweka jagi ndani ya friji mpaka likapoa kabisa. Nilikunywa glasi mbili kwa pupa. Ilikuwa tamu, yenye harufu ya kupendeza, nzito kiasi cha kuacha michirizi ya manjano kwenye kuta za glasi. Haikupita robo saa nikawa nimerudi jikoni, safari hii nikitafuta maji matupu, kwa sababu koo lilikuwa limekauka kuliko nilipoanza, na tumbo limejaa kana kwamba nimetoka kula mlo mzima.

Tangu siku hiyo nimetengeneza vinywaji vya matunda kwa miaka mingi, na jambo ninaloliamini kwa dhati ni kwamba kinywaji cha siku ya joto hupimwa kwa jinsi kinavyokata kiu. Maji ndiyo mwili wake, ukali wa limau ndio uti wa mgongo wake, na tunda huja mwishoni kukipa harufu, rangi na utamu wa kiasi. Juisi nzito ina raha yake na ina wakati wake, lakini mtu aliyetoka juani na shati limelowa jasho hahitaji chakula cha kunywa. Hata neno sharubati linatukumbusha hivyo, kwani limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa, mzizi uleule uliosafiri hadi Ulaya na kuzaa huko majina ya shira na ya vitamutamu vya barafu. Ni kitu cha kunywewa, na kinywaji kizuri hupita kooni bila kusukumwa.

Sababu ya kiu yangu kurudi haraka siku ile inaeleweka vizuri. Jasho linapotoka, mwili hupoteza maji pamoja na chumvi, na kinachotakiwa kurudishwa kwanza ni maji. Juisi tupu ya matunda mengi matamu huwa na sukari ya kati ya gramu 8 na 15 katika kila mililita 100, na ukiiongezea sukari ya mezani unapata kimiminiko kilichokolea kuliko maji ya mwili. Kimiminiko cha namna hiyo hukawia tumboni na kuingia katika utumbo polepole, na muda wote huo mnywaji hujihisi ameshiba ilhali kiu ipo palepale. Sukari ikiwa kidogo, tena ikiandamana na chembe za chumvi, mambo hubadilika. Katika mkutano uliofanyika Prague mwaka 1960, mwanabiokemia Robert Crane alieleza jinsi ukuta wa utumbo mwembamba unavyofyonza glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na sodiamu iliyomo katika chumvi, kwa pamoja; na vitu hivyo viwili vinapopita, maji huvifuata. Ni kwa njia hiyo mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi huokoa watu wanaoharisha, na ule wa kutengenezwa nyumbani una vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi.

Sharubati ninayoieleza hapa si dawa, wala haichukui nafasi ya mchanganyiko huo kwa mgonjwa. Nimeutaja kwa sababu ulinifungua macho: lita nzima ya maji, na sukari yake ni vijiko sita vidogo tu. Katika jagi langu la maembe nilikuwa nimetia zaidi ya hapo, juu ya sukari ambayo embe lilikuja nayo lenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari huru, ambayo ndani yake imo pia sukari ya juisi za matunda, isizidi 10% ya nishati tunayokula kwa siku, na likaongeza kuwa kushuka chini ya 5%, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima, kuna manufaa zaidi. Ukikumbuka hesabu hiyo unapolishika jagi, mkono wa sukari huwa mwepesi.

Kipimo ninachokitumia sasa, baada ya kukibadilisha mara nyingi, ni hiki: mililita 750 za maji, mililita 250 za maji ya nanasi yaliyochujwa, malimau mawili yenye maji ya kutosha, vijiko viwili vikubwa vya sukari vilivyosawazishwa, chumvi ya kuokotwa kwa ncha za vidole viwili, na konzi ndogo ya majani ya nanaa. Ukijumlisha sukari ya nanasi na ile ya kuongeza, jagi zima linapata takriban gramu 50, kwa hiyo glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12 au 13, na hiyo ni karibu nusu ya sukari iliyomo katika kiasi kilekile cha juisi tupu ya nanasi. Nimechagua nanasi kwa sababu harufu yake ni kali na hustahimili kuongezwa maji, sifa ambayo matunda mengi matamu hayana. Ukilipunguza papai kwa maji mara tatu, unabaki na maji yenye rangi. Ukilipunguza nanasi kiasi hichohicho, bado ukiinamia jagi unajua kwamba limo.

Kazi huanza kwa kuchagua. Nanasi halizidi kuwa tamu baada ya kukatwa shambani, kwa sababu, tofauti na embe au ndizi, halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari. Rangi yake inaweza kubadilika na nyama yake kulainika, lakini utamu uliokuja nao ndio utakaokuwa nao. Kwa hiyo mimi hulinusa chini, mahali lilipokatwa kikonyo. Likinukia nanasi hapo, nalichukua. Lisiponukia kitu naliacha, hata likiwa na rangi ya dhahabu ya kuvutia. Na likiwa na harufu ya mvinyo, limeshaanza kuchacha. Limau nalo nalipima kwa mkono: zuri ni lile ambalo ni zito kuliko linavyoonekana, lenye ganda laini linalobonyea kidogo. Limau lenye ganda nene lililokakamaa hukupa maji kidogo hata ulikamue mpaka vidole viume.

Matunda yote huoshwa chini ya maji yanayotiririka kabla ya kumenywa, hata yale ambayo ganda lake litatupwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hulipuuza. Kisu kinapopita katika ganda chafu huingia moja kwa moja ndani ya nyama safi, na kuburuta vijidudu pamoja nacho. Hatari ni kubwa zaidi kwa tikiti maji na jamii yake, kwa kuwa nyama ya matunda hayo haina ukali wa kutosha wa kuzuia vijidudu kuongezeka. Maji ya kuchanganyia, ikiwa hayana uhakika, yachemshwe hadi yatokote kabisa na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Na barafu nayo itengenezwe kwa maji hayohayo. Kuganda hakuui vijidudu vyote, kwa hiyo haina maana kuchemsha maji ya jagi kisha kutumbukiza ndani yake barafu ya maji ambayo hayakuchemshwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kukata malimau, nachukua kisu kidogo chenye makali na kumenya ganda la juu kwa vipande vyembamba virefu, nikijitahidi kuchukua ule wembamba wa manjano tu na kuuacha weupe ulio chini yake. Vipande hivyo naviweka katika bakuli pamoja na sukari yote iliyopimwa, halafu navisugua kwa vidole kama mtu anayefikicha majani makavu. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baada ya dakika mbili au tatu sukari huanza kushikana kama mchanga uliomwagiwa maji, rangi yake hupata umanjano hafifu, na harufu inayopanda kutoka bakulini huwa kali kiasi kwamba aliye chumba cha pili huja kuuliza kunatengenezwa nini. Sukari hunyonya, na hapa inayanyonya mafuta yaliyomo katika vijifuko vidogo vya ganda, mafuta ambayo maji ya limau peke yake hayana. Nalifunika bakuli na kuliacha saa moja. Nikilifunua nakuta vipande vya ganda vimenywea na kujikunja, na chini kumekusanyika shira nzito inayong'aa.

Juu ya sukari hiyo namimina kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka katika zile mililita 750, nakoroga hadi punje zote ziyeyuke, kisha nayaondoa maganda. Hii ndiyo shira ya sharubati yangu. Anayetia sukari kavu katika jagi la maji baridi hupata shida inayojulikana na kila aliyewahi kujaribu: anakoroga, anaonja, anaona haijakolea, anaongeza, na mwisho wa jagi anakuta tabaka la sukari limelala chini bila kuyeyuka, ilhali waliokunywa mwanzo walipata ukali mtupu na wa mwisho wakapata asali. Maji baridi huyeyusha sukari, lakini kwa uvivu sana. Shira huondoa tatizo hilo mara moja, na haihitaji kuchemshwa jikoni kwa muda mrefu.

Nanasi hukatwa vipande, likasagwa katika blenda pamoja na kikombe kingine cha maji, kisha likachujwa. Nusu ya nanasi la wastani hutosha. Mimi hutumia chujio la matundu madogo na kulisaidia kwa mgongo wa kijiko, bila kukandamiza mno, kwa kuwa nyuzi zikipenya hufanya kinywaji kikwame ulimini. Povu litakalojitokeza juu liachwe litulie dakika kumi, au liondolewe kwa kijiko. Ikiwa ulimi wako huwasha kila unapokula nanasi, ujue kwamba lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunjavunja protini, zikiwamo zile za kinywa chako. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kuchanganya nanasi bichi na maziwa: mchanganyiko huo ukikaa kidogo hugeuka mchungu.

Maji ya limau hukamuliwa mwisho, kwa mkono au kwa kikamulio, baada ya kuliviringisha limau juu ya meza kwa kiganja ili kulilegeza. Hapa nina jambo la kusimulia. Wakati fulani nilikuwa natarajia wageni, nikaona nijirahisishie kazi kwa kukata malimau sita vipande vinne vinne na kuyatia katika blenda yakiwa mazima, ganda, weupe, mbegu na vyote. Nilichuja usiku uleule, nikaonja, na ilikuwa nzuri ajabu, yenye harufu ambayo sikuwahi kuipata kwa kukamua peke yake. Niliiweka kwenye friji nikalala kwa amani. Asubuhi nilimimina glasi ya kwanza, na uchungu uliokuwamo ulinifanya niiteme. Niliongeza sukari, nikaongeza tena, nikaongeza mara ya tatu. Ikawa tamu na chungu kwa wakati mmoja, na uchungu ukabaki nyuma ya ulimi kama wa kidonge kilichoyeyukia kinywani. Wageni walipewa maji.

Baadaye nilijifunza kilichotokea. Ndani ya limau na chungwa kuna kitu kisichokuwa kichungu maadamu tunda ni zima, ila tunda likishapondwa na kitu hicho kikakutana na asidi yake, hugeuka taratibu kuwa limonini, ambayo ni chungu mno hata ikiwa kidogo sana. Mageuzi hayo huchukua saa kadhaa, ndiyo maana usiku sikuonja kitu. Mbegu na ule weupe wa ganda ndivyo vyenye wingi wa kitu hicho. Kwa hiyo kanuni yangu sasa haina msamaha: mbegu hutolewa zote, weupe hauingii kwenye blenda, na anayetaka harufu ya ganda aipate kwa njia ya sukari niliyoieleza, ambayo huchukua mafuta na kuuacha uchungu nyuma.

Huo ukali wenyewe wa limau una kazi kubwa kuliko ladha. Maji ya limau yana asidi ya sitriki kiasi cha gramu 5 au 6 katika kila mililita 100, asidi ileile ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka katika maji hayo mwaka 1784. Ukali wake huufanya mdomo utoe mate, na kinywa chenye mate huhisi kwamba kiu imeanza kukatika hata kabla maji hayajafika mbali. Utamu mtupu hauna uwezo huo. Nikitaka kujua kama jagi limekaa sawa, nanyamaza baada ya funda la kwanza na kusubiri: mate yakija pembeni mwa ulimi, ni sawa, mdomo ukiwa kama umepakwa kitu, naongeza limau au maji, na sukari siigusi.

Kuhusu chumvi, najua wapo wanaokunja uso wakisikia inaingia katika kinywaji cha matunda. Nawaomba wafanye jaribio dogo. Mimina sharubati katika glasi mbili, katika moja tia chembe chache za chumvi na ukoroge, kisha onja kwanza ile isiyo na chumvi. Katika glasi ya pili hutaonja chumvi kabisa; utaonja nanasi lililoiva zaidi. Chumvi hupunguza nguvu ya uchungu ulimini, na uchungu ukipungua utamu hujitokeza, kwa hiyo chembe hizo hukuwezesha kupunguza sukari bila mtu yeyote kulalamika. Ukianza kuihisi kama chumvi, umepitiliza. Mwenye maradhi yanayomzuia kula chumvi na aiache, sharubati itakuwa nzuri bila hiyo.

Kisha linakuja suala la ubaridi, na hapa ndipo hesabu nzuri nyingi huharibika. Ulimi hauoni utamu kwa kiwango kilekile katika kila joto: kinywaji kilichopoa sana huonekana si kitamu kama kilivyokuwa kabla ya kupozwa. Aliyeonja sharubati yake ikiwa ya vuguvugu na kuiona imekaa sawa atashangaa akiinywa baridi. Suluhisho langu si kuongeza sukari mapema kwa kubahatisha. Napoza kwanza, naonja ikiwa baridi vilevile itakavyonywewa, ndipo naamua.

Barafu nayo ni maji, na watu husahau kulihesabu hilo. Gramu 200 za barafu zikiyeyuka zote katika lita 1 ya kinywaji chenye nyuzijoto 25 hukishusha hadi karibu nyuzijoto 7 au 8, ubaridi mzuri kabisa wa kunywa, lakini pia hukiongezea maji kwa sehemu moja ya tano. Sharubati iliyokuwa imekaa sawa kabla ya barafu huwa nyepesi na isiyo na msimamo mwisho wa glasi. Kuna njia mbili za kuepuka hilo. Ya kwanza ni kulipoza jagi ndani ya friji kwa saa mbili au tatu na kutumia barafu kidogo tu wakati wa kumimina. Ya pili, ambayo ndiyo ya siku za haraka, ni kupunguza maji ya kuchanganyia kwa kiasi cha barafu utakayoitia: kama unajua utatia gramu 200, basi weka mililita 550 za maji badala ya 750. Barafu ya vipande vikubwa huyeyuka polepole kuliko iliyopondwa, hivyo inafaa kwa glasi ya kunywa taratibu.

Nanaa naiweka dakika za mwisho. Wapo wanaoitwanga kwenye kinu, na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipochoka kuona sharubati yenye rangi ya majani na ladha ya nyasi. Siku hizi naweka majani kwenye kiganja kimoja na kuyapiga kofi moja kwa kiganja cha pili, kisha nayatumbukiza. Kofi hilo linatosha kuyatoa mafuta yake. Ubaridi unaousikia kinywani kutokana na nanaa hauhusiani na joto la kinywaji; mentholi iliyomo huamsha kipokezi kilekile ambacho mwili hukitumia kutambua baridi. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso, kila mmoja kwa njia yake alitumia mentholi kukitambua kipokezi hicho. Ninapokosa barafu huongeza majani ya nanaa, na kinywaji kilichopozwa kwa friji tu huonekana kama kimetoka kwenye theluji.

Matunda mengine hufuata njia hiyohiyo kwa marekebisho madogo. Tikiti maji, ambalo zaidi ya sehemu 90 katika 100 za uzito wake ni maji, halihitaji kuongezwa maji mengi. Lisage, lichuje, tia limau na chumvi, na sukari mara nyingi haihitajiki. Pasheni ni kinyume chake: harufu yake ni kali sana, hivyo matunda matano au sita hutosha lita nzima, ila yasisagwe kwa muda mrefu, maana mbegu zikivunjika huacha ladha ya uchungu na vijipande vyeusi vinavyopenya chujio. Izungushe blenda kidogo tu mara mbili au tatu ili nyama iachane na mbegu. Embe bado nalitumia, lakini embe moja kwa lita moja, pamoja na limau la kutosha, na lichujwe. Ndizi na parachichi naziacha kabisa katika shughuli hii. Ni nzuri kwa kifungua kinywa.

Anayekamua ndimu akiwa nje juani aoshe mikono kwa sabuni mara moja. Ngozi iliyolowa maji ya ndimu ikipigwa na jua kali huweza kuungua na kutoa malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa kwa wiki kadhaa. Na anayetumia asali badala ya sukari asimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu vya botulismi ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kupambana navyo.

Sharubati ya nyumbani haina kitu cha kuihifadhi zaidi ya ubaridi, na katika joto huharibika upesi. Isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzijoto 32, saa moja ndiyo mwisho. Ndani ya friji naipa siku mbili, katika chupa ya kioo au jagi lenye mfuniko. Siiachi ndani ya sufuria ya alumini, kwani asidi humenyuka na chuma hicho na kuacha ladha ya ajabu. Niliwahi kusahau chupa ya sharubati ya nanasi juu ya rafu ya jikoni kwa siku mbili za joto, ikiwa imefungwa barabara. Nilipoifungua, kifuniko kiliruka, povu likapanda hadi darini, na jikoni kote kukanuka mvinyo. Hamira asilia iliyokuwa kwenye nanasi ilikuwa imekula sukari na kutoa gesi iliyokosa pa kwenda. Chupa ya kioo yenye gesi namna ile huweza kupasuka mkononi, na tangu siku hiyo sifungi chupa yoyote ya matunda bila kuiweka kwenye baridi papo hapo.

Kabla ya kumimina, jagi likorogwe, kwa maana nyama laini ya tunda hutuama chini hata baada ya kuchujwa vizuri, na anayemimina bila kukoroga huwapa wa kwanza maji na wa mwisho tope. Makapi ya nanasi yaliyobaki kwenye chujio siyatupi. Nayachanganya na maji kidogo na limau lililokamuliwa, nayagandisha katika vyombo vya barafu, na siku inayofuata vipande hivyo ndivyo vinavyoingia katika glasi. Vinapoyeyuka, sharubati haipungui ladha, bali hukolea kadiri inavyokaribia mwisho wa glasi.